Mtembezi Hula Miguu Yake? Mazoezi ya Kusimamiwa kwa Wenye Uhaba wa Damu Miguuni

Huenda msomaji wa jarida hili, aliyezoea kukutana na makala kuhusu uhakiki wa riwaya, arudhi za ushairi na ngeli za nomino, akashangaa kumwona mwanafunzi wa fasihi akijitosa katika uwanja wa matabibu. Mshangao huo una msingi. Sina shahada ya tiba, wala sinuii kumfunza daktari kazi yake. Hata hivyo, nimeishi na mgonjwa ambaye miguu yake ilinyimwa damu, nikasoma nilichoweza kukisoma kuhusu maradhi yake, na nikafikia kauli ambayo naona haina budi kujadiliwa na wanachama wa chama hiki. Kauli yenyewe ni kwamba mojawapo ya tiba bora kwa wagonjwa wa aina hiyo ni kutembea chini ya uangalizi wa mtaalamu; kwamba tiba hiyo ni adimu mno nchini mwetu; na kwamba sehemu ya uadimu huo imesababishwa na lugha. Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu sisi.

Mjomba wangu alifanya kazi katika reli hadi alipostaafu akatua Voi. Alivuta sigara kwa zaidi ya miaka 30, na alipotimiza miaka 55 aligunduliwa kuwa na kisukari. Mtaani alisifika kwa jambo moja: adabu. Kutoka nyumbani kwake hadi sokoni palikuwa na vibanda vinne, na hapakuwa na hata kimoja alichokipita bila kusimama. Atamwamkia muuza mboga, atauliza habari za watoto, za mvua, za mume aliyekwenda Mombasa. Kisha atashukuru na kushika njia hadi kibanda kinachofuata. Majirani walituhimiza sisi vijana tumwige. Hatukujua, naye hakutuambia, kwamba kila baada ya hatua mia moja na ushei vigimbi vyake vilikuwa vikikakamaa kana kwamba vimefungwa kamba, na kwamba maamkizi yale marefu yalikuwa muda wa kusubiri maumivu yatulie. Akisimama dakika tatu au nne, maumivu huisha. Akipiga hatua mia nyingine, hurudi.

Hayo ndiyo maradhi yenyewe, na msomaji hahitaji kitabu cha tiba ili ayatambue. Ateri zinazopeleka damu miguuni huzibika polepole kwa utando wa mafuta na chokaa unaoshikamana na kuta zake. Mtu akiwa amekaa, damu kidogo inayopita humtosha. Akitembea, misuli hudai oksijeni zaidi, njia ni nyembamba, na dai hilo halitimizwi. Ndipo kigimbi, au paja, au hata tako, huanza kuuma. Akisimama dai hupungua na maumivu hupoa. Visababishi vikuu ni sigara, kisukari, shinikizo la damu, kolesteroli nyingi na umri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba mnamo 2010 watu milioni 202 duniani walikuwa na maradhi haya ya ateri za miguu, na kwamba katika mwongo uliotangulia ongezeko la wagonjwa lilikuwa kubwa zaidi katika nchi za kipato cha chini na cha kati kuliko katika nchi tajiri. Kwa hivyo anayedhani kwamba haya ni maradhi ya wazee wa Ulaya amechelewa kupata habari.

Jina la dalili hii katika lugha za Ulaya limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuchechemea. Mgonjwa wa kwanza kuelezwa vyema hakuwa hata binadamu: mwaka 1831 daktari wa mifugo wa Kifaransa aitwaye Bouley alieleza habari za farasi aliyechechemea kila alipokazwa kazi na kupona kila alipopumzishwa, na ilipofika mwaka 1858 ndipo Charcot akaeleza hali iyo hiyo kwa mtu. Wajerumani, kwa upande wao, huyaita maradhi haya ugonjwa wa madirisha ya maduka, nao Waholanzi husema mtu ana miguu ya madirishani, kwa kuwa mgonjwa husimama barabarani akijifanya anatazama bidhaa kumbe anangoja kigimbi kitulie. Nilipoyasoma hayo nilicheka, kisha nikanyamaza. Mjomba hakuwa na madirisha ya maduka ya kutazama. Alikuwa na vibanda na watu wake. Lau lugha yetu ingeachiwa iyape maradhi haya jina kutokana na maisha ya wasemaji wake, pengine tungeyaita maradhi ya maamkizi.

Alipokwenda zahanati mara ya kwanza aliambiwa ni baridi yabisi na uzee. Alipewa dawa ya kuchua na kushauriwa apunguze kutembea. Simlaumu sana aliyemwambia hivyo, kwa sababu nitakazozieleza baadaye. Ila ushauri ule ulipata mwitiko mzuri nyumbani, kwa kuwa uliafikiana na imani tuliyo nayo sote. Je, wahenga hawakusema kwamba mtembezi hula miguu yake? Tulimnunulia kiti cha kuegemea, tukamwekea kivulini, na kila alipoinuka mmoja wetu alimkimbilia kumletea alichotaka. Tuliona tunamheshimu. Katika muda wa miaka miwili mtu aliyeweza kwenda sokoni kwa vituo vinne hakuweza tena kufika langoni bila kusimama. Mwaka 2019 ndara ilimchuna kidole cha mguu wa kushoto, jeraha likakataa kupona kwa miezi mitano, na mwishowe kidole kikakatwa. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, daktari alipomfunga kipimo cha shinikizo la damu kwenye kifundo cha mguu badala ya mkono tu. Shinikizo la kifundoni lilikuwa kama thuluthi mbili ya lile la mkono. Kwa mtu mzima wa afya hayo mawili hukaribiana au la kifundoni huzidi kidogo, na likishuka chini ya asilimia 90 ya lile la mkono huhesabiwa kuwa dalili ya maradhi. Kipimo chenyewe si ghali na wala hakina uchungu.

Sidai kwamba kutembea kungaliokoa kidole kile. Kisukari kina njia zake nyingi za kudhuru mguu. Ninalodai ni kwamba miaka miwili ya kiti ilimpokonya mjomba nguvu za miguu ambazo hakukuwa na sababu ya kuzipoteza.

Tuje sasa kwenye tiba. Mnamo 1966 watafiti wawili wa Denmark, Larsen na Lassen, walichapisha jaribio dogo lililoonyesha kwamba wagonjwa wa aina hii wakifanya mazoezi ya kila siku huongeza umbali wanaoweza kutembea. Tangu hapo majaribio yamefuatana, na utaratibu umekuwa karibu mmoja. Mgonjwa huja mbele ya mtaalamu mara tatu kwa wiki, kwa muda usiopungua wiki 12. Kila kikao huchukua kati ya dakika 30 na 60. Hutembea, aghalabu juu ya mashine ya kutembelea, mpaka maumivu yapite kiwango cha chini na kuwa makali kiasi, husimama au huketi mpaka yaishe, huanza tena, na mzunguko huo hurudiwa hadi muda wa kikao uishe. Kadiri wiki zinavyosonga, mtaalamu huongeza mwendo au mwinuko. Dawa ya moto ni moto, walisema wahenga, na sijaona mahali ambapo methali hiyo imetimia kwa uhalisi mkubwa kuliko hapa.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba ateri zilizozibika hazizibuki kwa sababu ya zoezi hili. Shinikizo la kifundoni hubadilika kidogo sana au halibadiliki kabisa. Kinachobadilika ni mguu wenyewe: misuli hujifunza kutumia vizuri zaidi oksijeni chache inayoipata, kuta za mishipa hulegea na kupanuka kwa wepesi zaidi, na mwendo wa mtu huwa wa utulivu usiopoteza nguvu. Nalipenda neno letu *zoezi* kwa sababu hii. Limetokana na *kuzoea*, na kigimbi hapa huzoea kwa maana kamili ya neno.

Katika jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2012, wagonjwa 111 wenye ateri zilizoziba sehemu ya juu, karibu na nyonga, waligawanywa: wengine wakapewa dawa na ushauri tu, wengine wakawekewa vimirija vya kuipanua ateri, na wengine wakapewa mazoezi ya kusimamiwa. Baada ya miezi sita, waliopewa dawa tu waliongeza muda wao wa juu wa kutembea kwa dakika 1.2, waliowekewa vimirija kwa dakika 3.7, na waliosimamiwa mazoezini kwa dakika 5.8. Ni haki niongeze kwamba walipoulizwa kuhusu ubora wa maisha yao, waliowekewa vimirija walitoa majibu ya kuridhisha zaidi, na kwa hivyo si kweli kwamba upasuaji hauna nafasi. Vilevile kuna watu ambao zoezi hili si lao kabisa. Mwenye mguu unaouma hata akiwa amelala, mwenye kidonda kisichopona au donda ndugu, na mwenye moyo usiotulia, hao ni wa kupelekwa hospitalini kwa haraka na si wa kupelekwa uwanjani.

Serikali kadhaa zimeuchukulia ushahidi huu kwa uzito. Uingereza iliagiza mwaka 2012 kwamba kila mwenye dalili hii apewe mpango wa mazoezi ya kusimamiwa. Mwaka 2017 bima ya umma ya wazee Marekani ilianza kulipia hadi vikao 36 katika wiki 12, na mwaka huo huo Uholanzi ikaingiza vikao 37 katika bima yake ya msingi, ikiwa tayari na mtandao wa wataalamu wa fiziotherapia waliofunzwa kazi hii kote nchini. Marekani, pamoja na malipo hayo, wagonjwa wanaoelekezwa kwenye mazoezi bado ni wachache mno. Kidonge huandikwa kwa sekunde chache. Kumshawishi mtu atembee kwenye maumivu huchukua miezi mitatu.

Hapa ndipo msomaji mwerevu atakaponiuliza: ya nini kusimamiwa? Kwa nini mzee asiambiwe tu, nenda ukatembee? Mimi nami niliuliza hivyo. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 nilirudi Voi, nikiwa na saa ya simu na ari ya ujana, nikajiteua msimamizi. Daktari alikuwa amekubali kwamba kidonda kimepona na viatu vinafaa. Kila alasiri nilitoka na mjomba, na kila alasiri nilishindwa. Alipokunja uso nilisema, “Pumzika, mjomba.” Alipopumzika nilimwongezea dakika mbili za huruma. Siku niliyojikaza nikasema, “Mjomba, tuendelee kidogo,” alinitazama kama mtu aliyesikia mtoto akimtuma dukani, akaketi juu ya jiwe. Nilitoa radhi. Katika mila zetu mpwa hamwamrishi mjomba wake avumilie uchungu, na sijui kama ningependa kuishi katika mila ambazo humwamrisha. Tulitembea hivyo kwa miezi minne, matembezi mazuri yenye hadithi nyingi za reli, na umbali wake haukuongezeka hata kidogo.

Mwaka 2021 lilichapishwa jaribio la watu 305 nchini Marekani lililonieleza kosa langu. Waliotembea majumbani kwa mwendo wa taratibu usiofikia maumivu hawakupata faida yoyote wakilinganishwa na wasiopewa mpango wowote, ilhali waliotembea kwa kasi iliyoleta maumivu walipata. Nao uchunguzi mwingine, uliojumlisha majaribio mengi na kutolewa mwaka 2018, ulionyesha kwamba baada ya miezi mitatu waliosimamiwa waliweza kutembea mita zipatazo 120 zaidi ya waliopewa mpango wa nyumbani, na zipatazo 200 zaidi ya wale walioambiwa tu watembee. Kumbe huruma yangu ndiyo iliyokuwa ikiifuta dawa. Msimamizi anahitajika kwa sababu anajua ni uchungu upi wa kuvumiliwa na upi wa kuogopwa, na kwa sababu si mpwa wa mtu.

Mjomba alimpata msimamizi wa namna hiyo mwaka 2022, katika hospitali moja ya umma ambayo sitaitaja. Mtaalamu wa fiziotherapia, mwanamke wa makamo, alikuwa amewakusanya wagonjwa sita. Hakuwa na mashine. Alikuwa na ukumbi mrefu wa hospitali, chokaa aliyochorea alama kila baada ya mita kumi, benchi mbili na saa ya ukutani. Wagonjwa walitembea wawili wawili, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na yeye alipita kati yao akimwuliza kila mmoja maumivu yamefikia wapi. Mjomba, aliyekataa kuamrishwa nami, alimtii mama yule kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Alianza kwa mita 90 kabla ya kusimama. Wiki ya 12 alifikisha mita 260. Halafu mama yule akahamishwa. Hakuna aliyekuja kuchukua nafasi yake katika kazi hiyo, na ukumbi ukarudi kuwa ukumbi. Kati ya wale sita, ninaowajua kuwa bado wanatembea ni wawili.

Kisa hicho ndicho jibu langu kwa wanaosema kwamba nchi yetu haina uwezo wa tiba hii. Gharama yake ilikuwa chokaa na mshahara ambao tayari ulikuwa ukilipwa. Kilichokosekana ni kazi ile kutambuliwa kuwa kazi, iwe na jina katika ratiba ya hospitali, ili akihamishwa mmoja aletwe mwingine. Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF, na nadhani ni swali halali kuiuliza iwapo vikao 36 vya kutembea vinaweza kuhesabiwa kuwa tiba sawa na chupa 36 za dawa. Wapo pia wanaopendekeza kwamba kila kitu wabebeshwe wahamasishaji wa afya ya jamii, wale 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023 na kupewa mikoba yenye vipimo vya shinikizo la damu na sukari. Wanaweza kumtambua mgonjwa na kumwelekeza, na hilo ni kubwa. Lakini kumtwika mtu anayepokea posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi kazi ya mtaalamu ni dhuluma, na mgonjwa naye hatapata alichostahili.

Na sasa lugha. Nilisema simlaumu sana aliyemwambia mjomba kwamba ana baridi yabisi. Mjomba alikuwa amemwambia, “Mishipa ya miguu inanisumbua.” Hebu tulitafakari neno *mshipa*. Kwa msemaji wa kawaida wa Kiswahili, mshipa ni njia ya damu inayotoka moyoni, ni njia ya damu inayorudi moyoni, ni neva, mara nyingine ni kano, na kwa watu wa pwani mshipa ni jina la maradhi ya ngiri. Mhudumu aliyeketi nyuma ya foleni ya watu 60 angechagua maana ipi? Istilahi tunazo. *Ateri*, *vena* na *neva* zimo katika kamusi zetu tangu zamani, na TUKI ilitoa *Kamusi ya Tiba* mwaka 2003. Lakini istilahi iliyofungiwa kamusini ni kama mbegu iliyoachwa ghalani. Mjomba hakuwahi kusikia neno *ateri* mpaka siku kidole chake kilipokatwa, na hata hapo aliambiwa kwa Kiingereza.

Upungufu wa pili uko katika maumivu yenyewe. Zoezi zima hutegemea mgonjwa kueleza maumivu yamefika kiwango gani, na vipimo vilivyoko hutumia nambari na maneno ya Kiingereza. Nimewasikia wauguzi wakivitafsiri papo kwa papo: kidogo, wastani, sana. Maneno hayo ni maskini mno kwa lugha yenye *kuwanga*, *kupwita*, *kunyonga*, *kukeketa*, *kuchoma* na *kufa ganzi*, ambayo kila moja humwambia msikilizaji jambo tofauti. Kigimbi kinachonyongwa wakati wa kutembea na unyayo unaochoma usiku si maradhi mamoja, na mzee wa Voi hutofautisha bila kufikiri. Sisi tunaoandika tasnifu kuhusu semantiki ya vitenzi tumekaa na maarifa haya maktabani huku watu wakitibiwa kwa neno *sana*.

Napendekeza, kwa hivyo, kwamba chama chetu kishirikiane na wanafunzi wa fiziotherapia kuandaa ukurasa mmoja, ukurasa mmoja tu, wa maelekezo ya zoezi hili kwa Kiswahili: dalili, namna ya kutembea, viwango vya maumivu, na nani asitembee. Rasimu ya kwanza nimekwisha kuiandika. Nilimpelekea mjomba likizo iliyopita, naye akavaa miwani, akachukua kalamu nyekundu kama mkaguzi wa tiketi, akafuta viwango vyangu vyote vya maumivu. Mahali pa kiwango cha kwanza aliandika: “Unaongea vizuri.” Cha pili: “Unafupisha hadithi.” Cha tatu, ambacho ndicho cha kuendelea kutembea nacho: “Ukiamkiwa unajibu naam tu.” Cha nne: “Hujibu, simama.” Nimempelekea mtaalamu mmoja wa fiziotherapia rasimu hiyo pamoja na masahihisho, na ameomba nakala ishirini.